Kitalu cha Raya

Siri ya Mama Raya ilitolewa na kioo.

Si mtu. Watu wa Ngamiani walikuwa wamejaa humo ndani tangu asubuhi, na midomo yao mnaijua, lakini safari hii hakuna hata mmoja aliyekuwa na hatia. Ni kile kioo kikubwa cha ukutani, alichokinunua Mama Raya ili wateja wajione watakavyopendeza kabla hawajasukwa. Pamoja na kazi hiyo, kilikuwa na tabia ya kumsomea mwenyewe ujumbe wake kwa sauti. Kibibi, msusi wake mkubwa, alishamwambia mara ngapi, "Mama, kizime hicho kidomodomo," na yeye siku zote nitakizima, nitakizima. Basi Alhamisi hiyo saluni imefurika, mmoja anasukwa, mmoja anafumuliwa, wawili wamekuja kukaa tu kwa sababu kwao kumepooza, mara kioo kikajikohoza kama mwalimu mkuu:

"Ndugu Mwantumu Sebarua. Unakumbushwa miadi ya kuonana na daktari bingwa wa kupandikiza nywele, Jumamosi asubuhi. Kabla ya kuja, kitalu kifumuliwe. Kioshwe kwa maji matupu. Kisipakwe mafuta ya aina yoyote. Nywele zikatwe, zibaki urefu wa ukucha. Mpokeaji afike kichwa kikiwa wazi. Mwenye ridhaa afike na jibu lake."

Mkono wa Mama Raya ukasimama hewani, umeshika fungu la nywele za Bi Chausiku.

Saluni ikanyamaza. Na saluni ile haikuwa na mazoea ya kunyamaza. Hata umeme ukikatika watu waliendelea kusengenya gizani.

"Mpokeaji?" akauliza Bi Chausiku. Alikuwa kakaa chini, kichwa kimebanwa katikati ya magoti ya Mama Raya, hawezi hata kugeuka. "Mpokeaji nani, shoga?"

"Tulia, nitakukosea njia."

"Njia ikosee tu. Mpokeaji nani?"

Macho ya watu wote yalikuwa yameshapanda kwenye rafu ya juu. Pale, karibu na redio, kilikaa kitalu kimefunikwa kanga ya kisutu, ile aliyoolewa nayo Raya.

Siku hizi vitalu ni vitu vya kawaida, lakini Raya alipougua vilikuwa ndiyo kwanza vinafika Tanga. Ugonjwa ulikuwa kwenye damu, na dawa yake ilikuwa ya kung'oa kila unywele mwilini. Kwa hiyo kabla ya kuanza tiba daktari alichukua kipande cha ngozi nyuma ya sikio, kidogo kama punje ya kunde, akakiotesha juu ya bakuli la mviringo lililopinduliwa kifudifudi, mpaka ngozi ikaenea ikawa kama kofia. Chini yake maji ya lishe, rangi ya sharubati ya ukwaju iliyozimuliwa, yanasukumwa na pampu ndogo usiku na mchana. Juu yake nywele. Nywele za Raya zenyewe, nyeusi, nzito, zenye kujikunja. Ahadi ilikuwa kwamba akipona, mizizi itatolewa pale kwenye kitalu, mmoja mmoja, arudishiwe kichwani mwake.

Hakupona. Kitalu kikabaki kinaota.

Tangu hapo kila Ijumaa Mama Raya alikuwa anakishusha, anakiweka mapajani, anakifumua, anakipaka mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe na mrehani na hiliki, halafu anakisuka upya. Wateja walizoea. Wengine waliingia wakasalimu, "Raya hujambo?" kwa mzaha wa mapenzi. Kilikuwa na joto, kitalu kile. Ukikiinamia kilinuka kichwa cha mtu.

Lakini serikali ilikuwa imeweka sheria: kitalu cha marehemu hakilishwi kupita mwaka wa saba. Kizikwe, au apewe mtu aliye hai. Na mwaka wa saba ulikuwa ukingoni.

"Mwajabu," akasema Mama Raya.

"Mwajabu yupi?"

"Yupo mmoja."

"Wa Hemedi?" Bi Chausiku akajinasua magotini, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama kama mtu aliyeona jini. "Mwajabu mke wa Hemedi? Mke mwenzie marehemu?"

Hapo ndipo palipolipuka. Hutasikia neno la mtu mmoja. Aliyekuwa anafumuliwa akafumuliwa na mdomo. Kibibi akaangusha kitana. Mwisho sauti ya Mama Nasoro, mmoja wa wale waliokuja kukaa tu, ikapanda juu ya wenzake, maana alikuwa na kifua.

"Ngoja niseme, mnisikilize! Nyumba ya Raya anakaa yeye. Mume wa Raya analala naye yeye. Mtoto wa Raya anamwita yeye mama. Zilibaki nywele, na hizo nazo umpe? Mpe na jina kabisa, Mwantumu! Tumwite Raya, iishe!"

"Mama kasema anakwenda kumsikiliza daktari tu," Kibibi akajaribu.

"Kasema saa ngapi? Kioo ndiyo kimesema!"

"Na kioo hakikusema kwamba nimekubali," akasema Mama Raya taratibu. "Kimesema niende na jibu. Bi Chausiku, rudi ukae, usitoke barabarani hivyo, utatisha watoto."

Watu wakacheka, kicheko kifupi cha kuomba radhi, na kazi ikaendelea. Lakini vidole vyake siku hiyo vilikaza kuliko kawaida, mpaka Bi Chausiku akalia, "Taratibu bwana, macho yanapanda!" Hilo lilikuwa jambo la kawaida kwa Mama Raya. Mji mzima ulijua mkono wake. Ukisukwa na Mama Raya, walisema, mwezi mzima nywele hazitikisiki, ila siku mbili za mwanzo huwezi kufumba macho ukalala.

*

Ijumaa baada ya sala ya adhuhuri, saluni ilifungwa. Mlango wa bati ulishushwa nusu, na Mwajabu akainama kupita chini yake, nyuma yake Arafa, mtoto wa Raya, binti wa darasa la tatu mwenye miguu mirefu kama ya mama yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibuni. Na wewe Arafa, salamu umeimeza?"

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hebu njoo nikuone. Nani kakusuka hivi?"

Arafa akamtazama Mwajabu. "Mama."

"Kalegeza."

"Haikazi, bibi. Wala siumii."

Mama Raya akampa ndoo, akamwambia akakinge maji kwenye bomba la uani, asikimbie, asubiri mpaka ijae. Mtoto alipotoka akamwonyesha Mwajabu kiti.

Mwajabu akakaa, akavua mtandio bila kuambiwa.

Mama Raya alishasikia habari, nani hakusikia, lakini hakuwa ameona. Mwajabu alikuwa kiwandani, kule wanakotengeneza mbao za mkonge za kuundia mabodi ya magari. Mashine ya kusokota nyuzi ilishika ncha ya mtandio. Mtandio ukavuta nywele, na nywele zikaondoka na kila kilichozishika. Madaktari walimfunika kichwa kwa ngozi ya paja lake. Ilikuwa imepona vizuri, laini, inang'aa kama mgongo wa kijiko, na kwa kuwa ilikuwa ngozi ya paja hapakuwa na mzizi hata mmoja wa kuoteshea kitalu chake mwenyewe. Nyusi ndizo zilizobaki. Zilimfanya aonekane mtu anayeshangaa kila wakati.

"Nikuulize," akasema Mama Raya.

"Niulize, mama."

"Uliingia kwa Hemedi lini?"

Mwajabu akaukunja mtandio mapajani, mara mbili, mara nne. "Raya alikuwa hai."

"Ulijua kama anaumwa?"

"Nilijua. Siku moja nilimwona. Kwenye varanda ya wodi, kafunga kilemba, anakula chungwa. Nikageuka. Nikakaa mwezi bila kumpokea Hemedi." Akaukunjua mtandio. "Halafu nikampokea."

Nje maji yalikuwa yanalia kwenye ndoo.

"Mbona hunidanganyi?"

"Uongo utanifaa nini? Kesho nakaa mbele ya daktari kichwa wazi. Nimeanza leo, basi."

"Mjini wanasema mashine ilimlipia Raya."

"Nimesikia. Mashine haina macho, mama. Ingekuwa nayo ingemvuta Hemedi."

Mama Raya alijikuta anataka kucheka, akakasirika kwa kutaka kucheka. Akauliza kwa ukali ambao hakuukusudia, "Nywele unazitakia nini? Mume unaye. Mtandio unao. Nani anakuona?"

"Wanawake," akasema Mwajabu. "Tangu niumie sijaingia kwenye harusi ya mtu. Nikifika mlangoni wenzangu wanavua mitandio, wanatingisha vichwa, wananukia asumini, mimi narudi nyumbani nasema tumbo linauma. Tumbo gani la mwaka mzima?" Akajipapasa ngozi. "Na huyu mtoto. Jioni anakaa nyuma yangu na kitana chake. Anasuka hewa, mama. Anasuka mpaka anamaliza, ananiambia, tayari, umependeza. Nami nasema ahsante."

Arafa akaingia na ndoo, maji yanamwagika miguuni. Mazungumzo yakakatika hapohapo.

Mama Raya akapanda kwenye kigoda akakiteremsha kitalu. Akaivua ile kanga ya kisutu, akaikunja, akakaa, akakiweka mapajani kama alivyokiweka Ijumaa zote. Kilikuwa kimesukwa twende kilioni, njia za moja kwa moja kurudi nyuma, zilizonyooka kama zimepigwa rula. Ulikuwa msuko alioupenda Raya tangu shuleni, msuko usio na mbwembwe. Arafa akasogea. Siku zote alikatazwa kukigusa.

"Leo njoo," bibi yake akamwambia. "Shika ncha. Fumua kwa kitana cha mkia, polepole, kuanzia chini."

Wakafumua, bibi upande huu na mjukuu upande ule. Kwa muda ikasikika pampu tu, na Arafa akihema kwa mdomo kama mtu anayeandika mtihani. Halafu akasema:

"Bibi, zinatoka."

"Zinakatika, ni kawaida. Zimekaa wiki."

"Hazijakatika. Zinatoka na kitu cheupe."

Mama Raya akaangalia kitana. Nywele zilikuwa zimeshikana kwenye meno yake, na kila unywele kwenye mwisho wake ulibeba kichwa kidogo cheupe kama yai la chawa. Akaufungua msuko wa pembeni. Akaufungua wa pili. Chini ya misuko ya ukingoni, kuzunguka kitalu chote kutoka panapokuwa paji la uso mpaka panapokuwa sikio, ngozi ilikuwa tupu. Laini. Inang'aa. Ile misuko ya pembeni ilikuwa imeshikwa na nywele chache za jirani, naye alikuwa akiipanga juu ya uwazi ule kila Ijumaa, vidole vikijua kazi yao, macho yakiwa kwenye televisheni au kwenye mdomo wa mtu. Au hayakutaka kuona.

Akainuka na kitalu mikononi, akakipeleka mbele ya kioo.

"Kipime," akasema.

Kioo kikapitisha mwanga wa buluu, mara moja, taratibu. "Mizizi hai: pungufu ya nusu," kikasema, kwa sauti ileile ya kutangaza mitindo. "Iliyokufa haitaota tena. Sababu inayoonekana: kuvutwa kwa muda mrefu. Inashauriwa kusuka kwa kulegeza."

Mwajabu, ambaye katika chumba kile ndiye peke yake aliyejua kuvutwa ni nini, aliangalia sakafu.

Mama Raya alikuwa akimsikia Raya. Si wa kitalu. Raya wa umri wa Arafa, kabanwa magotini hapohapo saluni, machozi yanamtoka: mama, taratibu, mama, naumia, mama, macho. Na yeye anajibu, kaza roho, utapendeza. Lakini hata alipojibu hivyo, mkono ulikuwa unalegea kidogo. Kila mara. Kila msusi mkono wake huendeshwa na mwenye kichwa, huyo anayelia na kujinyonganyonga na kukupiga kofi gotini. Hiki hakikuwahi kulia. Alikaza, hakikusema. Wiki iliyofuata akakaza zaidi, kwa sababu Ijumaa ile alikuwa na huzuni zaidi. Hakikusema.

"Hapakuwa na wa kuniambia," akasema. Hakuwa akimwambia mtu. "Nimemng'oa mwenyewe. Kwa mkono wangu. Hakuwepo wa kuniambia naumia."

Na kioo, ambacho hakijui wakati wa kunyamaza, kikaona kichwa kitupu cha Mwajabu nyuma yake, kikauliza: "Ungependa kuona mpokeaji atakavyoonekana?" Hakikusubiri jibu. Pale kiooni Mwajabu akaota nywele, kuanzia katikati ya utosi kurudi nyuma, nyeusi, nzito, zenye kujikunja, na mbele kipara. Akawa kama mtu anayetoka ndani ya Raya, au Raya anayechungulia nyuma yake.

"Mama," akasema Arafa, na hakuna mkubwa aliyethubutu kumuuliza alikuwa anamwita nani.

Mama Raya akanyoosha mkono akakizima kioo. Tangu kinunuliwe hakikuwahi kuzimwa.

"Mama," Mwajabu akasema, akiufunga mtandio wake. "Kesho tusiende. Au nenda peke yako ukawaambie unazika. Mzike mtoto wako mzima, usimgawe. Mimi nilishazoea."

"Kaa chini."

"Mama, mimi—"

"Kaa chini, Mwajabu. Kuna maji, mtoto kayachota yamejaa ndoo. Tutayafanya nini?"

Wakakiosha. Maji matupu, kama walivyoambiwa. Mama Raya alimimina na Arafa akasugua kwa ncha za vidole, na Mwajabu akashika beseni. Harufu ya mrehani na hiliki ikaondoka kidogo kidogo mpaka ikaisha. Na katika kumimina huko, maji yakipita kuliani halafu kushotoni, Mama Raya akaanza kusimulia. Hakuwahi kulisema hata kwa Kibibi.

"Siku tuliyomwosha. Maji ya mkunazi yamechemshwa, kafuri imepondwa, mwosha akafika kichwani. Mwanamke, mwajua, nywele zake husukwa misuko mitatu, zikalazwa nyuma, ndiyo anavikwa sanda. Ndivyo anavyokwenda. Mwosha akanyoosha mkono kwangu, nimpe kitana. Mimi ndiye msusi, nilikuwa nimekishika. Akafunua kitambaa, kichwa ni hiki." Akakiangalia kichwa cha Mwajabu. "Kitupu. Tukabaki tunatazamana. Wala si kwamba nywele hazikuwepo, zilikuwa nyumbani juu ya friji zinakunywa maji. Nikasema nikazilete. Wakaulizana mashehe huko nje, likarudi jibu kwamba kile kiko hai, hatuziki kilicho hai. Sawa. Nikakirudisha kitana kwenye mfuko. Mwanangu mimi, Mama Raya, msusi wa Ngamiani, alikwenda bila kusukwa."

Mwajabu alikuwa analia bila sauti.

Mama Raya akakifuta kitalu kwa taulo, akakirudisha mapajani. Akazigawa nywele zilizobaki mafungu matatu. Vidole vikaanza. Mara vikasimama.

"Arafa. Njoo ukae hapa, karibu na goti langu. Weka mkono wako hapa, juu ya ngozi. Unasikia?"

"Ina joto."

"Ndiyo. Wewe utakuwa mdomo wake. Nikivuta, ukaona ngozi inapanda, sema."

Akasuka. Mtoto akakiweka kiganja chake chini ya vidole vya bibi yake, akatazama kwa makini mno.

"Taratibu, bibi."

Akalegeza.

"Taratibu."

Akalegeza tena. Katika maisha yake yote hakuwahi kusuka msuko uliolegea vile. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza angeona aibu. Ulikuwa msuko wa kupumua. Wa pili ukawa hivyohivyo, na alipofika wa tatu Arafa hakusema kitu tena, alikuwa ameegemeza shavu lake juu ya kitalu na kufumba macho, na bibi yake akasuka kwa kumzunguka, bila kumwondoa.

Halafu akachukua mkasi. Nywele zikatwe, zibaki urefu wa ukucha. Misuko mitatu akailaza kwenye ile kanga ya kisutu, akaikunja upande huu na upande ule kama anavyokunjwa mtu, akampa Mwajabu.

"Mpe Hemedi. Leo, kabla jua halijazama. Mwambie akaizike kaburini, kichwani pa mkewe."

"Na hiki kilichobaki?" Mwajabu akauliza.

Mama Raya alikuwa akikipapasa kitalu, kimenyolewa, kinachoma viganjani kama kidevu cha mwanamume.

"Hicho jibu lake ni kesho, kwa daktari. Nenda, jioni hiyo."

*

Kliniki ilikuwa Raskazoni, ghorofa nyeupe yenye ubaridi wa kukutia mafua. Kwenye viti watu walikaa na vitalu vyao mapajani, vimefunikwa vitambaa, kama wamekuja kuuza mikate. Mama Raya alikuwa amewahi. Mwajabu akaja akaketi kando yake, Arafa katikati. Hemedi alibaki nje getini. Mikono yake ilikuwa bado na udongo mwekundu kwenye kucha, na aliposalimia alisalimia huku anaiangalia mikono ile.

Nesi, msichana mwenye sauti ya kuimba, aliwaeleza wageni utaratibu. "Tunaita jina la mwenye kitalu, si la mgonjwa. Mizizi ikishapandwa inafuatiliwa kwa jina hilo maisha yake yote. Kwa hiyo jina likiitwa, kama mtapandikiza, mpokeaji aitike, aingie. Kama mnazika, aitike mwenye ridhaa, atakuja hapa dirishani. Nimeeleweka, wazazi wangu?"

"Tumekuelewa," watu wakajibu kama darasani.

Yakaitwa majina. Kwa jina moja alijibu kijana mwenye mabaka kichwani, akaingia mbio. Kwa jingine alijibu mzee, akaenda dirishani na kofia yake mkononi, akakikabidhi kitalu, akasimama pale muda mrefu baada ya kumaliza, nesi akashindwa kumwambia aondoke.

Mama Raya alikuwa na mikono miwili juu ya kitalu. Pampu ilimpiga viganjani, tik, tik. Alijua atakayoyasikia saluni Jumatatu. Alijua kifua cha Mama Nasoro. Alijua pia kwamba nusu ya kichwa ndiyo yote aliyoibakiza, kwamba hata akitoa atakuwa ametoa mabaki, na kwamba rafu ile ya karibu na redio, kwa vyovyote, leo itakuwa tupu.

"Mwajabu."

"Naam, mama."

"Zikiota, usiniletee kichwa hicho saluni. Usije kabisa. Sitaweza."

"Siji, mama."

"Asuke Arafa. Anajua sasa."

"Ndiyo, mama."

"Na harusini uende."

Mwajabu akautwaa mkono wa Arafa.

Mlango wa ndani ukafunguka. Nesi akatazama kioo chake kidogo cha mkononi.

"Raya Salehe!"

Hakuna aliyeitika. Watu wakaangaliana. Arafa akageuza kichwa huku na huku, jina la mama yake limetajwa kwa sauti mbele za watu kana kwamba yupo, kana kwamba alitoka nje kununua maji.

"Raya Salehe yupo?"

Mama Raya akakinyanyua kitalu kutoka mapajani mwake. Akakiweka kwenye mapaja ya Mwajabu, na viganja vyake, vilipoachia, vikabaki vimejikunja, vya mviringo, vimeshika kitu kisichokuwepo.

"Itika, mwanangu," akamwambia. "Unaitwa."